Kuyasoma Maji Katika Mwanga: Jinsi Madini ya Mwezi na Mirihi Yanavyotambuliwa

Mwanga wa Jua unapopiga jiwe haurudi wote. Sehemu humezwa na jiwe lenyewe, na iliyobaki ndiyo inayoakisiwa hadi kwenye vyombo vyetu. Spektroskopia ni elimu ya kuuchambua mwanga huo kwa kufuata urefu wa mawimbi yake, ili kuona ni wapi umepungua. Kwa kuwa kila aina ya madini humeza mwanga mahali pake maalumu, kutokana na atomi zilizomo na jinsi zilivyopangwa, upungufu huo hututajia madini yaliyo umbali wa mamilioni ya kilomita.

Kazi kubwa hufanyika katika infraredi, ambayo jicho halioni. Olivini na piroksini, madini yaliyojaa katika miamba ya volkano, huacha bonde pana, yaani mahali mwanga uliporudi kidogo, kwenye mchoro wa spektra (mchoro wa mwanga kwa urefu wa mawimbi yake) karibu na maikromita 1 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita), na piroksini huongeza la pili karibu na maikromita 2. Hayo hayasumbui sana. Maji ndiyo yanayodai uangalifu.

Chukua udongo wa mfinyanzi uliosagwa, uweke kwenye kisahani chini ya taa ya maabara, kisha upime mwanga unaorudi. Mchoro utaonyesha bonde kwenye maikromita 1.4, jingine kwenye 1.9, na jingine jembamba karibu na 2.2 au 2.3. Hilo jembamba hutokana na haidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja, zikiwa zimefungamana na metali: aluminiamu hulileta kwenye 2.2, ilhali chuma au magnesi hulisogeza hadi 2.3. Bonde la 1.9 ni la molekuli kamili ya maji. Ukiukausha udongo huo kwenye tanuri kwa joto la wastani, bonde la 1.9 hunywea na lile la 2.2 hubaki palepale, kwa sababu maji yametoka lakini haidroksili imebaki ndani ya fuwele. Ninaisisitiza tofauti hii kwa kuwa taarifa nyingi kuhusu maji ya angani huipita bila kuitazama.

Kwa mabonde hayohayo, kipimaspektra cha OMEGA kilichobebwa na Mars Express, chombo cha anga cha Ulaya kilichofika Mirihi Desemba 2003, kilitambua udongo wa mfinyanzi katika miamba ya kale ya Mawrth Vallis na Nili Fossae. Udongo wa aina hiyo hutokea pale mwamba wa volkano unapokaa na maji kwa muda, hivyo ugunduzi huo ulieleza historia ya sayari nzima.

Mwezi ulikuwa mgumu zaidi. Mwaka 2009, kipimaspektra kilichokuwa kwenye chombo cha India, Chandrayaan-1, kilionyesha upungufu wa mwanga karibu na maikromita 3, hasa kuelekea kwenye ncha za Mwezi. Hata hivyo, katika eneo hilo haidroksili na maji hupandiana, na joto la uso wa Mwezi wenyewe huongeza mwanga unaofifisha bonde. Jibu lilipatikana kwenye maikromita 6, ambako molekuli ya maji hujikunja kwa namna ambayo haidroksili, yenye atomi mbili tu, haiwezi. Mvuke wa angahewa letu huziba mwanga huo, ndiyo maana ilibidi kutumia SOFIA, darubini iliyorushwa ndani ya ndege juu ya sehemu kubwa ya mvuke huo. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba maji yameonekana karibu na kreta ya Clavius, kiasi cha gramu 100 hadi 412 katika kila tani ya udongo. Ni kidogo sana, lakini ni maji kwa hakika.

Mirihi nayo ilitupa funzo gumu. Mwaka 2015 michirizi myeusi ya miteremko yake ilihusishwa na chumvi za pakloreti (chumvi za klorini na oksijeni) zenye maji, kutokana na data za CRISM, kipimaspektra cha Mars Reconnaissance Orbiter, chombo cha NASA kilichotumwa kuizunguka Mirihi. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba uchakataji wa data hizo huweza kuzalisha mabonde bandia kwenye maikromita 1.9 na 2.1, mahali palepale pa pakloreti. Chumvi zenyewe zipo Mirihi, kwani chombo cha Phoenix kilizipima kwenye udongo mwaka 2008 kwa kuuchanganya na maji katika vikombe vyake. Kilichotiwa shaka ni ushahidi wa mwanga kwamba zipo kwenye michirizi ile.