Kitambaa kwenye sweta ya shule

"Shikamoo, wakili." Binti wa kidato cha tatu, sweta imepauka viwikoni. Kifuani, chini ya beji ya shule, amebana kwa pini kitambaa cheupe ukubwa wa kiberiti. Shuleni kwao, shule ya serikali hapa hapa Mwanza, vyoo vya wasichana havina maji tangu muhula uanze. Ziwa wanaliona dirishani, bombani kukavu. Kitambaa ndiyo malalamiko yake. Mwalimu wa zamu kamrudisha nyumbani kwa kosa la kuharibu sare, na mama anauliza: mtoto akishavaa sare, haki ya kusema anaiacha getini?

Haiachi. Ibara ya 18 ya Katiba inasema "kila mtu", haikutaja umri. Ila ibara ya 30 inaruhusu sheria iweke mipaka kwa maslahi ya umma, na sare ni mpaka mwepesi kuutetea. Mzazi anayekuja kuipinga sketi yenyewe huwa namrudisha kwa fundi wake wa cherehani, Makoroboi.

Kitambaa ni habari nyingine. Hapa mawakili hukimbilia Marekani: Des Moines, 1965, wanafunzi walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, wakasimamishwa. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikawapa haki, majaji 7 kwa 2: kama masomo hayakuvurugika, shule haina sababu ya kuwanyamazisha. Lakini wale walivaa nguo za nyumbani. Mimi huipenda zaidi kesi ya Reno, jimbo la Nevada, ambako shule ya msingi ya umma iliandika kwenye fulana ya sare "Viongozi wa Kesho". Wazazi wakagoma. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya shirikisho ikasema kumvika mtoto maneno ni kumsemesha kwa lazima, na shule inayofanya hivyo lazima iwe na sababu nzito mno. Kwetu wangecheka; beji gani haina kaulimbiu?

Wasicheke sana. Mwaka 2013 Mahakama yetu ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Msingi pale ulikuwa imani, sawa, lakini ni mstarini, ndani ya sare, shule ya umma.

Barua niliyomwandikia mkuu wa shule haina Vietnam wala Nevada. Ina kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009: mtoto anayeweza kuwa na maoni asizuiwe kuyatoa, asikilizwe, ashiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Choo kisicho na maji kinamgusa nani kama si yeye? Nikaomba mambo mawili: arudi darasani, na uongozi ukae na wasichana wauzungumzie mgao wa maji.

Kitambaa nilimshauri akitoe kwanza. Hakufurahi. Alichomoa pini taratibu, asije akatoboa sweta, akaibana ndani ya kola.