Kwa Nini Mashamba ya Malindi Hayakuzaa Krioli

Wanafunzi wa sekondari wakifika kwenye mada ya chimbuko la Kiswahili, husoma kwamba wako wanaodai lugha yetu ni krioli: ati Mwarabu na Mwafrika walikutana pwani, wakakosa lugha ya kuelewana, wakaunda ya tatu. Dai hilo si kweli, na ushahidi wa kulikataa tunao papa hapa Malindi. Lakini wengi hulikataa kwa hasira, kana kwamba kuitwa krioli ni kutukanwa. Krioli ni lugha kamili, yenye sarufi, nyimbo, mahubiri na magazeti. Krioli ya Haiti ni lugha rasmi kwa katiba ya 1987, na huko Shelisheli watoto wanafundishwa kwa krioli yao tangu 1982.

Tuanze na Morisi, jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Kisiwa hicho hakikuwa na wenyeji Wafaransa walipokitwaa mwaka 1715. Wakaleta watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na Afrika Magharibi. Mwambao wetu nao haukusalimika: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walishushwa mahali ambapo hapakuwa na lugha moja iliyowaunganisha. Waliotangulia waliishi karibu na mabwana na kuokota Kifaransa kwa kadiri walivyoweza. Idadi ilipoongezeka, waliofika nyuma walijifunza kwa watumwa wenzao, si kwa Mfaransa, na watoto waliozaliwa kisiwani wakakua na lugha hiyo mpya, wakaikamilisha.

Tazama kitenzi chake. Mo manze ni "nala", mo ti manze "nilikula", mo pe manze "ninakula sasa hivi", mo pou manze "nitakula". Maneno yote yana asili ya Kifaransa, lakini minyambuliko ya Kifaransa haimo tena. Kitenzi kinabaki vilevile, na wakati unaonyeshwa na kijineno kinachotangulia. Hii si sarufi iliyoharibika. Imejengwa upya, na inafuata kanuni zake bila kuyumba.

Ni nani hasa aliyeijenga? Wataalamu wanabishana hadi leo. Derek Bickerton, mwaka 1981, aliandika kwamba krioli ni kazi ya watoto: wakisikia lugha pungufu, akili waliyozaliwa nayo huwapa sarufi. Salikoko Mufwene, mzaliwa wa Kongo anayefundisha Chicago, anaona krioli hukua polepole, watu wazima wakijifunza lugha ya mabwana na kuibadilisha, sawa na zinavyobadilika lugha zote. Mimi naelemea kwa Mufwene, kwa sababu maelezo yake yanatutaka tuulize nani aliishi na nani, na nani alijifunza kwa nani. Maswali hayo ndiyo yanayotufungulia historia ya Malindi.

Maana Malindi nayo ilikuwa nchi ya mashamba ya watumwa. Mji uliokuwa umehamwa ulifufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultan Majid wa Zanzibar, na baada ya miaka michache ukawa ghala la mtama na ufuta uliosafirishwa hadi Arabuni. Waliolima walikuwa Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua na wengineo, wamechanganywa kwenye konde moja kama wenzao wa Morisi. Kwa mtazamo wa haraka, masharti ya kuzaa krioli yalitimia.

Hata hivyo haikuzaliwa, kwa sababu lugha ya pamoja ilikwishakuwapo na ilikuwa karibu mno na lugha zao. Myao husema mundu na wandu, Mmakua mutthu na atthu, Mgiriama mutu na atu. Alipokutana na mtu na watu, mtumwa huyo hakuwa na ngeli za kujifunza upya. Alikuja nazo kutoka kwao. Tena wengi walipita Kilwa au Unguja, wakasikia Kiswahili kabla ya kuliona shamba la Malindi. Waliofika nyuma walikikuta kikisemwa na wenyeji wenyewe. Kwa hiyo walijifunza Kiswahili chenyewe, na wajukuu wao leo ni Waswahili wa kuzaliwa. Mmakua yuleyule, angeuzwa kwa jahazi la kusini, wajukuu wake wangesema mo manze.

Kuhusu Kiarabu, msamiati wa mkopo hauifanyi lugha kuwa krioli. Mreno aliyefika Malindi mwaka 1498 alituachia meza na leso, na hakuna aliyetuita Wareno. Anayetaka kuona krioli ya Kiarabu aende Kibera akasikilize Kinubi, lugha ya wazao wa askari waliotoka Sudani na kuingizwa katika jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Ana gi ruwa ni "ninakwenda", ana bi ruwa ni "nitakwenda". Msamiati ni wa Kiarabu, lakini ule mnyambuliko wa Kiarabu unaowatesa watoto wa madrasa umeachwa. Kiswahili kiko kinyume kabisa: maneno ya Kiarabu tele, kitenzi cha Kibantu tangu kichwa hadi mkia.

Watu huuliza pia juu ya Kiitaliano cha bichi, kile cha vijana wanaouza vinyago na kuwatembeza wageni. Wengine wanakisema vizuri kabisa. Wengine wana maneno ya bei, salamu na safari tu, bila minyambuliko, na hicho kinafanana na pijini: lugha ya kazi isiyo ya mama wa mtu yeyote. Ili kiwe krioli ingebidi watoto wakue nacho kama lugha yao ya kwanza. Nyumba za vijana hao zina Kiswahili, na nyingi zina Kigiriama pia, kwa hiyo sioni dalili yoyote kwamba jambo hilo litatokea.