Picha ya Mzimu Si Nyumba ya Mzimu

Juma lililopita nimerudishiwa picha ya tatu kwa mwaka huu hapa karakanani kwangu Isevya, mjini Tabora, safari hii ikiwa imeviringishwa shuka kama maiti, kwa sababu mteja ameambiwa na watu wa sala kwamba mimi huita mizimu na kuifungia ndani ya rangi. Turubai huwambwa, hupakwa mkono wa kwanza, husuguliwa kwa msasa, kisha huchorwa. Hakuna hatua inayodai kuku.

Kinachoniudhi zaidi ni hao wanaotaja mzimu, pepo na shetani kana kwamba ni kitu kimoja. Pepo hupanda kichwani mwa mtu na hupungwa kwa ngoma, naye si lazima awe na udugu wowote na huyo aliyempanda. Shetani wa wachongaji wa Kimakonde, ambaye George Lilanga alimhamishia kwenye rangi akajulikana naye hadi Ulaya, ni kiumbe wa masimulizi, mwenye masikio makubwa na vituko vingi. Mzimu, kwetu sisi Wanyamwezi, ni mzee wa ukoo aliyetangulia: ana jina, ana wajukuu, na hukasirika akisahauliwa. Likube, Muumba, alionekana kuwa mbali mno na shida za kila siku, kwa hiyo watu waliwaendea wazee wao, wakawajengea vibanda vidogo, wakawawekea unga na pombe huku wakiwataja kwa majina. Nichorapo kibanda hicho, nachora udugu. Na ukikiona kina kivuli kirefu, elewa kwamba ni saa kumi na moja jioni, basi.

Majirani zetu wa Usukumani walikuwa na vyama vya wacheza nyoka, ambavyo vilichora kuta za nyumba zao za mafunzo ili wanafunzi wajifunze kwa kuzitazama. Kwao ukuta ulikuwa daftari, na sijasikia mtu akiliogopa daftari, isipokuwa la madeni.

Anayemtafuta mchoraji aliyetumwa na roho aende Uswidi. Hilma af Klint (1862–1944) alisema waziwazi kwamba roho zilimwagiza kazi, akachora picha 193 kati ya 1906 na 1915, na leo watu hulipa kiingilio kuzitazama. Mimi huagizwa na wenye nyumba za wageni, na wengi wao wanataka tembo. Tena wanamtaka wa Tingatinga, mtindo ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, wakidhani kila mchoraji Mtanzania alizaliwa akiujua.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema kwamba moyo wangu umetulia kama maneno yangu. Ninayo picha moja ya kibanda cha babu yangu, ambayo nimekataa kuiuza mara mbili, hata mwezi ambao kodi ya karakana ilikuwa imenishinda. Mwanangu alipolazwa kwa malaria, nilirudi nyumbani usiku nikaigeuza ikatazama ukuta, mimi huyuhuyu mwenye kuhubiri kwamba rangi ni rangi. Mtoto alipona kwa dawa za hospitali. Picha niliigeuza tena baada ya siku nne, na kabla ya kuigeuza nilijikuta nimebisha hodi.