Klabu ya wanaojiandaa kwa udaktari wa DO: ni kitu gani, na hufanya nini?

Kijana wa Kitanzania au wa Kikenya aliyeko chuoni Marekani akimpigia mama yake simu na kumwambia amejiunga na klabu ya wanaojiandaa kwa udaktari wa DO, maswali huja mawili. La kwanza: "Mwanangu, DO ndiyo nini tena? Si ulituambia unataka kuwa daktari?" La pili: "Na klabu ya nini, masomo yamekwisha?" Yote mawili ni maswali ya haki. Nitayajibu pamoja, kwa sababu asiyejua DO ni nini hawezi kuiona kazi ya klabu hiyo.

Tuanze na herufi zenyewe. Marekani ina shahada mbili zinazomfanya mtu awe daktari kamili. Moja ni MD, ambayo msomaji wa Tanzania anaijua, kwa kuwa ndiyo wanayotunukiwa wahitimu wa udaktari wa Muhimbili. Nyingine ni DO, yaani daktari wa tiba ya osteopathia. Mwenye DO anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anasomea ubingwa wa moyo, wa watoto au wa afya ya akili, na anaingia zamu ya usiku katika wodi ileile na mwenzake wa MD. Vyuo vya DO vimeshapita 40, na zaidi ya mmoja kati ya kila wanafunzi wanne wa udaktari nchini humo anasoma huko. Sean Conley, aliyemtibu Rais Donald Trump alipougua korona mwaka 2020, ni DO. Kevin O'Connor, daktari wa Joe Biden enzi za urais wake, naye ni DO.

Tofauti iko wapi, basi? Juu ya masomo yote ya udaktari, mwanafunzi wa DO husoma takriban saa 200 za tiba ya mikono: kupapasa misuli, viungo na uti wa mgongo ili kujua palipokaza, kisha kutumia mikono hiyohiyo kupalegeza. Anafundishwa pia kuutazama mwili kama kitu kimoja, wenye uwezo wa kujirekebisha, ambao umbo lake na kazi zake hutegemeana. Ni kweli kwamba daktari yeyote mzuri wa MD atakwambia naye anamtazama mgonjwa hivyo. Ni kweli pia kwamba ma-DO wengi wakishahitimu hawaitumii tiba ya mikono mara kwa mara. Mwanafunzi anayetaka njia hii ni vizuri ayajue hayo mapema.

Walio Uingereza wawe waangalifu na neno hili. Kule osteopathi ni mtaalamu aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1993, anayetibu maumivu ya mgongo na viungo kwa mikono. Ana heshima yake, lakini si daktari wa hospitali, haandiki dawa wala hapasui. Jina ni moja na mzizi ni mmoja, ila kazi zimeachana. Binamu wawili, mmoja London na mwingine Ohio, wanaweza kubishana juu ya neno hili kutwa nzima na kila mmoja akawa na haki yake.

Mzizi wenyewe ni Andrew Taylor Still, aliyezaliwa Virginia mwaka 1828 na kufanya kazi ya udaktari Kansas na Missouri. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimuua mtoto wake mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Yeye alikuwa daktari, na hakuwa na la kufanya. Tiba za zama zile zilikuwa dawa za zebaki, kasumba, pombe na kumtoa mgonjwa damu. Still aliziacha akaanza kutafuta njia nyingine kwenye mifupa na viungo, na yeye mwenyewe aliitaja tarehe 22 Juni 1874 kuwa siku ya kuzaliwa kwa osteopathia. Jina alilitoa katika Kigiriki, kwenye neno la mfupa na neno la maradhi. Chuo cha kwanza alikifungua mwaka 1892 huko Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza kabisa lilikuwa na wanawake. Mengi aliyoyaamini, kama wazo kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na mifupa iliyokaa vibaya, sayansi imeyaacha, na vyuo vya DO vimeyaacha pamoja nayo.

Dharau haikuachwa upesi hivyo. Mwaka 1962 California ilisimamisha leseni mpya za DO, na waliokuwepo wakaambiwa wakilipa dola 65 watapewa cheti cha MD. Wengi walilipa. Ilibidi mahakama kuu ya jimbo hilo ifungue tena mlango mwaka 1974. Jeshi la Marekani lilikubali kuwapokea ma-DO kama madaktari wake mwaka 1966, wakati wa vita vya Vietnam. Mississippi, jimbo la mwisho kuwapa leseni kamili, lilifanya hivyo mwaka 1973. Mafunzo ya ubingwa ya MD na DO yaliunganishwa kuwa mfumo mmoja kufikia mwaka 2020 tu. Hayo ni mambo ya juzi. Ndiyo maana mwanafunzi wa klabu hizi hujikuta akieleza herufi zake kwa shangazi, kwa mwajiri na hata kwa mgonjwa, na klabu humfundisha kueleza bila kukasirika.

Sasa klabu. Kwetu Afrika Mashariki mtu humaliza sekondari, alama zikamruhusu, akaingia moja kwa moja kusomea udaktari kwa miaka mitano au sita. Marekani haiko hivyo. Kwanza mtu anasoma shahada ya kawaida ya miaka minne, iwe biolojia, historia au muziki, mradi apitie kemia, biolojia na fizikia zinazotakiwa. Ndipo anaomba chuo cha udaktari, miaka mingine minne. Kile kipindi cha kwanza hakina mtu rasmi anayemshika mwanafunzi mkono. Vyuo vya udaktari vinataka alama nzuri, mtihani wa kuingilia uitwao MCAT, saa za kujitolea, ushahidi kwamba umekaa karibu na wagonjwa, barua za mapendekezo, insha na usaili. Mtoto wa daktari huyapata mengi ya hayo kwenye meza ya chakula nyumbani. Mtoto wa dereva wa lori au wa mama anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee hana pa kuyasikia. Klabu ndiyo meza yake. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya klabu hizi kuwepo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Nyingi ni matawi ya Pre-SOMA, kitengo cha wanafunzi ambao bado hawajaingia udaktari, chini ya SOMA, chama cha kitaifa cha wanafunzi wa DO. Nyingine ni za chuo chenyewe, zenye majina yao. Zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mhadhiri mmoja kama mlezi. Huuza keki, huchangisha fedha za safari, hupanga siku ya kuchangia damu. Hayo hayahitaji maelezo, kila aliyepita shule anayajua.

Yanayohitaji maelezo ni mawili.

La kwanza ni jioni ya tiba ya mikono. Daktari wa DO, au wanafunzi wa chuo cha DO wakiwa na mwalimu wao, huja na kitanda cha kukunja na kukifungua katikati ya darasa. Mwanafunzi mmoja anajitolea kulala. Daktari anapitisha vidole pembeni mwa uti wa mgongo na kusema kwa sauti anachokigusa: hapa pamekaza, hapa upande huu hausogei kama ule. Kisha anaonyesha. Katika njia moja, mgonjwa anasukuma polepole dhidi ya mkono wa daktari kwa sekunde chache, analegeza, daktari anakivuta kiungo mbele kidogo, wanarudia mara tatu hadi tano. Njia nyingine, iliyobuniwa na Lawrence Jones miaka ya 1950, inataka mwili uwekwe katika mkao ambao maumivu yanapungua, na ushikiliwe hapo kwa sekunde 90 bila kufanya jambo lingine. Darasa zima linakaa kimya likihesabu.

Msomaji wa pwani atasema: hii si kuchua? Kufanana kupo. Mzee anayemkanda mtu aliyeteguka mguu naye husoma kwa vidole. Still mwenyewe aliwahi kujitangaza kama muunga mifupa, kwa hiyo ulinganisho haumvunjii mtu heshima. Tofauti ni kwamba daktari huyu anajua pia lini asiguse. Mgongo unaouma unaweza kuwa na saratani, maambukizi au mfupa uliovunjika, na hapo anaagiza picha na vipimo badala ya kukanda. Uthibitisho wa tiba hii nao una mipaka yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwalinganisha wagonjwa wa maumivu ya chini ya mgongo: waliotibiwa kwa mikono na waliopata tiba ya kawaida walipona kwa kiwango kinachokaribiana, ila wa kwanza walitumia dawa chache zaidi. Ni faida halisi, na haizidi hapo. Tiba ya kushika fuvu la kichwa, ambayo bado inafundishwa, ina ushahidi dhaifu na wenye DO wenyewe wanaibishania. Klabu nzuri huruhusu maswali hayo yaulizwe mbele ya mgeni. Na huwaonya wanachama wasijaribu kuzungushana shingo bwenini.

La pili ni kufuatana na daktari kazini. Mwanafunzi huenda kliniki, anakaa kwenye kona, anamwangalia DO akiwaona wagonjwa wake. Hagusi mtu, haandiki jina la mtu, na mgonjwa akisema hataki mgeni chumbani, anatoka bila kuuliza. Klabu humfundisha hayo kabla ya kumpeleka, kwa kuwa sheria ya Marekani ya usiri wa taarifa za mgonjwa haina mzaha. Kwa nini iwe DO na si daktari yeyote? Kwa sababu baadhi ya vyuo vya DO vinadai barua ya mapendekezo iliyoandikwa na DO, na vingine vingi vinaipendelea. Barua hiyo huwezi kuiomba kwa mtu aliyekuona mara moja. Inataka mazoea ya miezi. Hapo ndipo orodha ya simu ya klabu, iliyorithiwa kutoka kwa viongozi waliotangulia, inazidi thamani ya mikutano yote. Na zaidi ya barua, kijana anaona kazi ilivyo: nusu ya muda wa daktari ukiishia kwenye kompyuta, mzee aliyekuja kwa ajili ya goti na kumbe anataka kuzungumzia mkewe aliyefariki. Wapo wanaotoka huko wakibadili njia, na hiyo nayo ni faida.

Mengine huja kwa msimu. Maombi ya vyuo vingi vya DO hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao AACOMAS, unaofunguliwa karibu na mwezi Mei. Vyuo vingi husoma maombi kadiri yanavyofika, hivyo anayesubiri siku ya mwisho hukuta nafasi zimepungua. Kwa hiyo tangu majira ya baridi klabu hukaa juu ya insha, watu wakisomeana na kukosoana. Wanaojiandaa kwa MCAT, mtihani unaokula karibu siku nzima na alama zake kuishia 528, hukutana kwa vikundi. Usaili wa mazoezi hufanywa kwa suti kamili, na swali lisilokosekana ni hili: "Kwa nini DO?" Anayejibu kwamba ameshindwa kupata MD amejiharibia. Anayekariri maneno ya Still bila kuwahi kumwona DO kazini hujulikana mara moja. Mwezi Aprili huwa na wiki ya kitaifa ya osteopathia, na klabu huweka meza uani na kuwaeleza wapita njia zile herufi mbili.

Kwa wanafunzi wetu kuna mambo mawili ambayo vipeperushi vya klabu mara nyingi havisemi. Vyuo vingi vya udaktari Marekani, vya MD na vya DO, havipokei mwanafunzi aliye kwa viza ya masomo, na mikopo ya serikali kuu kwa kawaida haimgusi asiye raia wala mkazi wa kudumu. Anayeijua hali yake ya ukaazi aanze na orodha ya vyuo vinavyompokea, kabla ya MCAT. Na anayekusudia kurudi kufanya kazi nyumbani aliulize Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa Kenya baraza la madaktari na madaktari wa meno, shahada ya DO itasajiliwaje kwake. Aulize mwenyewe, kwa maandishi, na jibu alitunze kwenye faili moja na vyeti vyake.