Mvua haiozeshi viazi

Juzi tena, kwenye shamba la viazi mviringo lililoungua lote kwa bakajani chelewa, ugonjwa unaokausha majani na kuozesha viazi, mzee mwenye shamba akaniambia: "Mvua ilizidi, bwana shamba. Viazi vikaoza, ukungu ukafuata." Nimeshachoka kulisikia. Kasisi mmoja alilikataa mwaka 1846.

Ni Miles Joseph Berkeley, kasisi wa Kianglikana aliyeishi King's Cliffe, Northamptonshire, Uingereza, akihudumia parokia mbili ndogo za jirani. Kuchunguza kuvu, yaani jamii ya ukungu na uyoga, ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili, na hata kuvu alizokusanya Charles Darwin kwenye safari ya meli ya Beagle zilipelekwa kwake. Mwaka 1869 yeye na Broome, mtaalamu mwenzake wa kuvu, waliipa jina Hemileia vastatrix, ile kutu ya majani inayowasumbua wakulima wetu wa kahawa.

Viazi vilipoteketea Ireland na Uingereza mwaka 1845, John Lindley, mwanabotania mwenye sauti kubwa, alisema kama mzee wangu: mimea imenyonya maji mengi, imeoza, ukungu umefuata. Berkeley alichungulia kwenye hadubini, akaona nyuzi zikichomoza kwenye vitundu vya chini ya jani. Akaandika kwamba ukungu ndio unaoleta uozo. Wengi hawakumkubali, na kusema kweli alikuwa hajathibitisha kwa jaribio. Anton de Bary, mwanabotania wa Kijerumani, ndiye aliyefanya hivyo mwaka 1861.

Mvua inahusika, sikatai. Spora, yaani chembe ndogo zinazoeneza ugonjwa kama mbegu, haioti kwenye jani kavu. Lakini mvua hainyeshi bakajani chelewa! Lazima ugonjwa uwepo tayari: kwenye mbegu uliyopanda, kwenye maotea, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe kutoka msimu uliopita, kwenye lundo la viazi vibovu ulilotupa pembeni, au shambani kwa jirani ambako upepo unatokea. Hata hivyo, manyunyu yakishika siku nyingi mfululizo, nimeona hata shamba lililopigwa dawa likienda, na siku hizo maneno hunikauka mbele ya mkulima.

Linalonisumbua zaidi ni jina. Kimelea hiki, Phytophthora infestans, leo hakihesabiwi tena kuwa kuvu. Kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Nami bado nawaambia wakulima "ukungu", na sina hakika kama ninawasaidia. Dawa za jamii ya triazoli, zinazotibu kutu ya kahawa, huzuia kuvu kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayojenga utando wa seli zake. Kimelea hiki hakiitengenezi, hivyo dawa hizo hazikiwezi. Kwa hiyo dukani usiombe "dawa ya ukungu". Taja bakajani chelewa ya viazi, kisha usome kibandiko kabla hujalipa.