Emilia-Romagna ni nini, na utajiri wake umetoka wapi?

Emilia-Romagna ni mmoja wa mikoa 20 ya Italia. Uko kaskazini mwa nchi, kati ya mto Po na safu ya milima ya Apennini, na upande wa mashariki unaishia kwenye bahari ya Adriatiki. Una watu wapatao milioni 4.4, na makao makuu yake ni Bologna. Mkoa huu una baraza lake na rais wake, wote wa kuchaguliwa kwa kura, na ndio unaosimamia hospitali za wakazi wake. Magari ya Ferrari, Lamborghini na Maserati hutengenezwa huko, pikipiki za Ducati vilevile, na jibini ya Parmigiano-Reggiano chimbuko lake ni huko.

Ukitaka kuuelewa, anza na barabara. Mwaka 187 kabla ya Kristo, konsuli (kiongozi mkuu wa kuchaguliwa) wa Kirumi Marcus Aemilius Lepidus alijenga njia iliyonyooka kutoka Rimini, pwani, hadi Piacenza, kando ya mto Po. Ni umbali wa kilomita 260 hivi, na jina la Emilia limetokana na jina lake. Miji karibu yote mikubwa ya mkoa imejipanga kwenye njia hiyo: Piacenza, Parma, Reggio Emilia, Modena, Bologna, Forlì, Cesena, Rimini. Kutoka Reggio Emilia hadi Modena ni kilomita 25 tu. Kwa hiyo hakuna mji mmoja uliomeza mengine yote. Bologna ni mkubwa, na chuo kikuu chake huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, lakini kila mji una soko lake, viwanda vyake na fahari yake.

Kusini mwa barabara ardhi inapanda hadi mlima Cimone, wenye urefu wa mita 2,165. Kaskazini ni tambarare tupu, yenye ukungu mzito wakati wa baridi na joto la kunata wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya tambarare hiyo, hasa upande wa Ferrara na Ravenna, zamani ilikuwa vinamasi. Ilikaushwa kwa mifereji, matuta na pampu, na hadi leo kuna maeneo ambayo pampu zikizimwa maji yatarudi. Rutuba inayosifiwa sana imetoka kwenye jasho la watu.

Na watu hao walikuwa maskini. Karne ya 19 vibarua wa Romagna, yaani upande wa mashariki wa mkoa, walikuwa wanaishi kwa kazi ya siku, leo ipo kesho haipo, na kila tenda ya kuchimba mfereji ilikwenda kwa mkandarasi aliyewalipa kidogo. Mwaka 1883 vibarua wa Ravenna, pamoja na Nullo Baldini, waliunda chama chao ili wachukue tenda wenyewe. Mwaka uliofuata mamia yao walisafiri hadi Ostia, karibu na Roma, kukausha vinamasi vya huko, na malaria iliwaua wengi. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Utajiri wa mkoa huu haukushushwa na tajiri mmoja wala serikali. Sehemu yake kubwa ilijengwa na wanyonge waliounganisha nguvu, wakaendelea hivyo kizazi baada ya kizazi.

Itazame jibini yenyewe. Maziwa ya jioni humwagwa kwenye sinia pana na kulazwa usiku kucha, mafuta yakapanda juu na kuenguliwa. Asubuhi huchanganywa na maziwa mapya ndani ya sufuria kubwa ya shaba inayobeba zaidi ya lita 1,000. Huongezwa maji ya maziwa yaliyobaki jana, yaliyochachuka, pamoja na kigandishi kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Maziwa yakishaganda, fundi huyavunjavunja hadi yawe punje ndogo, kisha huyapasha moto hadi nyuzi 55 hivi. Punje huzama na kushikana, na watu wawili huliinua donge zima kwa kitambaa cha kitani na kulikata vipande viwili. Sufuria moja hutoa magurudumu mawili tu, kila moja la kilo 40 hivi. Hulowekwa kwenye maji ya chumvi kwa wiki kadhaa, ndipo yakawekwa rafuni kwa miezi isiyopungua 12. Mkaguzi huja na nyundo ndogo, akagonga na kusikiliza kama ndani kuna ufa.

Mfugaji mwenye ng'ombe wachache hawezi kuisubiri pesa yake muda wote huo. Ndiyo maana viwanda vingi vya jibini hiyo ni vya ushirika wa wafugaji wenyewe, na ipo benki ya huko inayopokea magurudumu ya jibini kama dhamana ya mkopo na kuyatunza kwenye maghala yake.

Mashine nazo zina habari ileile. Mwaka 1919, mjini Imola, mafundi mekanika na wahunzi 9 waliokosa kazi waliunda ushirika wa SACMI. Leo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa duniani wa mitambo ya vigae, na bado ni ushirika.

Sheria imesaidia. Ibara ya 45 ya Katiba ya Italia, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inautambua ushirika na kutaka sheria iukuze. Akiba ya chama haigawanywi hata chama kikivunjwa, na tangu 1992 kila chama hutoa asilimia 3 ya faida yake kwenye mfuko wa kuanzisha na kukuza vyama vingine. Mjukuu hurithi kazi, si fungu la kuuza. Watu wa huko wameupeleka ujuzi huo hata Tanzania: CEFA, shirika la Bologna, liliwasaidia wafugaji wa Njombe kuanzisha kiwanda chao cha maziwa.

Mkoa una taabu zake. Hewa ya bonde la Po ni miongoni mwa chafu zaidi Ulaya, na wazee wanaongezeka kuliko watoto. Mei 2012 matetemeko ya ardhi yaliangusha maghala ya jibini. Mei 2023 mvua kubwa ilivunja kingo za mito ya Romagna na watu wakafa. Maji yalipokuwa yanauelekea mji wa Ravenna, CAB Ter.Ra., chama cha ushirika cha wakulima kilichotokana na wale vibarua wa zamani, kiliombwa kikubali tuta likatwe ili maji yaingie kwenye mashamba yake badala ya mjini. Chama kilikubali, na mazao yake yakazama.