Panadol Ibaki Nyumbani: Dhana Potofu Kuhusu Huduma ya Kwanza ya Mbwa Matembezini

Watu wa Dodoma wanaopenda kupanda vilima na mbwa wao wakiniuliza waweke nini kwenye mkoba wa huduma ya kwanza, huwa naanza na vya kutoa. Mikoba mingi niliyofunguliwa imejaa vitu vya kumuumiza mnyama: Panadol, spiriti, kichupa cha mafuta ya taa, wakati mwingine hata ugoro. Kila kimoja kimewekwa kwa nia njema, na kila kimoja kina msemo unaokitetea. Hiyo misemo ndiyo tuichambue.

"Mbwa wa kienyeji ni mgumu, hahitaji mkoba"

Hoja ni kwamba mbwa wanaofuata ng'ombe kule Bahi na Chamwino hushinda juani, hula makombo, hukanyaga miiba, na hawajawahi kuona bandeji. Kweli kabisa. Lakini hao unaowaona ni waliobaki. Yule aliyeoza mguu kwa mwiba wa mgunga, au aliyegongwa na kifutu, hayupo ukamhesabu. Halafu mbwa wa mchungaji amelelewa juani na anajichagulia mwenyewe kivuli cha kulala. Mbwa wako anayeshinda ndani ya geti Area D, akatolewa Jumamosi tu, hana mazoea hayo. Tena yuko kwenye kamba, anakwenda unakokwenda wewe.

"Dawa ya mtu inamfaa, punguza tu kipimo"

Hii ndiyo inayoua, na huua kimya kimya, siku mbili tatu baada ya safari, mwenye mbwa akiwa hata hakumbuki kidonge alichotoa.

Ini la mbwa halimudu parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol, kama la binadamu. Dawa hiyo hulishambulia ini lenyewe na pia chembe nyekundu za damu, hadi fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu. Ibuprofeni na diklofenaki zina njia nyingine: hutoboa vidonda tumboni na kubana figo. Na hapo safari inaongeza ubaya. Mbwa aliyetembea muda wa saa tatu juani amepungukiwa maji, figo zake zinapata damu kidogo kuliko kawaida, wewe unamwongezea dawa inayopunguza damu hiyo hiyo. Vidonge vya mafua navyo vitazame kwa jicho kali, kwa sababu vingi vina parasetamoli ndani hata kama boksi limeandikwa jina jingine kwa herufi kubwa.

Dawa za maumivu za mbwa zipo, hutolewa kwa kilo za mnyama. Nenda kwa daktari wa mifugo kabla ya safari, mbwa apimwe uzito, uambiwe kiasi, ukiandike kwenye karatasi ikae mkobani. Kama hujapata hiyo, mbwa anayechechemea mfungie mguu, mbebe, mrudi.

Na ile dawa ya rangi mbili, kapsuli ya kuua vijidudu? Kufungua kapsuli na kuunyunyiza unga wake kwenye kidonda ni desturi ya nchi nzima, kwa watu na kwa mifugo. Unga ukichanganyika na damu hukauka ukawa kifuniko, na uchafu unabaki chini yake ukitunga usaha. Kipimo chake hakijulikani, kwa hiyo unachofanya ni kuwazoesha vijidudu dawa ambayo kesho utaihitaji kwa kweli.

"Kidonda kitiwe kitu kikali ndipo kipone"

Kijana mmoja wa mifugo upande wa Mtera nilimkuta amembana mbwa wake kwa magoti, bega la mnyama limepasuliwa na waya wa uzio, naye anakandika ugoro kwa kidole gumba. Damu ilikuwa imesimama, ndiyo maana alikuwa na uhakika na dawa yake. Nusu saa haikupita mbwa akaanza kutoa mate mengi na kutapika, maana alikuwa ameulamba. Nikotini ni sumu kwa mbwa, iwe imepita mdomoni au kwenye nyama mbichi. Na damu haikusimamishwa na ugoro. Ilisimamishwa na kile kidole kilichokuwa kinaubana.

Spiriti huunguza nyama inayojaribu kuunga. Haidrojeni peroksaidi hutoa povu linalofurahisha macho, lakini dawa yenyewe inaua chembe hai pamoja na vijidudu. Majivu na kahawa vinaongeza uchafu tu. Mafuta ya breki sitaki hata kuyajadili.

Kinachofanya kazi hakina makali. Weka gozi safi, bana kwa kiganja dakika 5 bila kuchungulia, maana kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda. Ikishatulia, chukua bomba la sindano la ml 20 lisilo na sindano, livute maji ya dripu ya chumvi (maji safi ya kunywa nayo yanatosha), kisha yasukume kwa nguvu kidogo kwenye kidonda. Rudia hadi mchanga wetu huu mwekundu uache kutoka. Utashangaa kidonda kidogo kinavyohifadhi vumbi. Ayodini ipo sawa ikichanganywa na maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. Pamba usiiguse kidondani, nyuzi zake hubaki ndani.

Bandeji ipite kwa utaratibu: gozi, kisha bandeji ya kuvutika, na vidole viwili vya kati vya mguu vibaki nje ili uvione. Vikivimba au kupoa, umekaza mno. Plasta ya kawaida haishiki kwenye manyoya, na ikishika utayang'oa.

Wapo pia wasemao ulimi wa mbwa ni dawa tosha. Mate yake yana uwezo mdogo wa kupunguza baadhi ya vijidudu, lakini ulimi wenyewe unakwaruza, unafumua kidonda na kukilowesha mchana kutwa. Afunikwe.

"Akizidiwa na joto, mfunike taulo bichi"

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Dalili si kuhema tu. Ni kuhema kusikokoma hata kivulini, fizi nyekundu sana, mate mazito, miguu ya nyuma kulegea. Mbwa wenye pua fupi hufika huko mapema zaidi.

Taulo lililolowa likikaa mgongoni hupata moto wa mwili na kuwa blanketi. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, pepea kwa khanga au chochote, mmwagie tena. Maji baridi hayamdhuru kama wengi wanavyoogopa. Kinachomdhuru ni kuchelewa. Mpoze hapo hapo mlipo, ndipo mwondoke kumpeleka kwa daktari. Maji ya kunywa mpe kidogo kidogo akiwa na fahamu, usimmiminie kooni.

Kwa hiyo kitu kizito kuliko vyote mkobani ni maji, na watu hawapendi kusikia hivyo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji karibu lita moja kwa siku akiwa amelala tu nyumbani. Kwa Oktoba na Novemba za Dodoma, kabla ya mvua, beba maji yake tofauti na yako, ongeza ya kummwagia, na uwe umeshuka mlimani kabla ya saa nne asubuhi. Ardhi nayo ipime kwa kiganja: kama huwezi kukiacha juu ya jiwe, naye hawezi kulikanyaga.

"Matunda hayana madhara"

Dodoma ndiyo nchi ya zabibu. Mashamba yapo Mpunguzi, Hombolo, Makutupora, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na njia nyingi za matembezi zinapita pembeni mwake. Zabibu, mbichi au kavu, ni sumu kwa mbwa. Figo zinaweza kufa ndani ya siku chache, na hakuna idadi ya punje ambayo mtu anaweza kukuhakikishia kuwa ni salama: mmoja anakula kiganja kizima anabaki mzima, mwingine anaanguka kwa chache. Kinachoshukiwa ni tindikali ya tatariki, na ndiyo maana ukwaju, ambao una tindikali hiyo kwa wingi, nao umeingia kwenye orodha ya hatari. Ule mfuko wa ukwaju unaotafuna njiani usimgawie.

Shambani ongeza dawa za kupulizia ukungu na wadudu. Hapo ndipo inapoingia imani ya maziwa. Maziwa hayazimui sumu. Baadhi ya sumu hupenya haraka zaidi zikikutana na mafuta. Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kumuua kwa chumvi yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa hospitali wa kufyonza sumu. Na akiwa amekunywa mafuta ya taa au kitu kinachounguza, kutapika kunamuunguza mara ya pili. Chukua kopo au picha ya kopo, angalia saa, mpigie daktari, mwondoke.

"Beba jiwe la nyoka"

Jiwe jeusi wanalouza kwa ajili ya nyoka kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliounguzwa. Hushika kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu, na likidondoka watu husema limeshiba sumu. Sumu wakati huo imeshaenda zake. Kuchanja na wembe kunaongeza kidonda, na kamba ya kukaza mguu kwa sumu ya kifutu, inayooza nyama, inaifungia sumu mahali pamoja ili ioze vizuri.

Mvue mkanda wa shingoni mapema, kwa sababu mbwa wengi hugongwa usoni na uvimbe hushuka kooni. Mbebe, asitembee hata hatua. Dawa halisi ya sumu ya nyoka ni adimu, huingizwa kwenye mshipa na inaweza kuleta mzio wa kuua, kwa hiyo si ya kubebwa begani na mtu asiye daktari. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa.

Mengine kwa ufupi

Nungunungu harushi miiba. Inachomoka mbwa anapomgusa. Kuikata ncha ili "itoke upepo" hakusaidii, kunaiacha ivunjike ndani. Mmoja mmoja kwenye mguu unaweza kuuvuta kwa kibano, wima, karibu na ngozi. Ikiwa mdomoni, machoni au kifuani, hiyo ni kazi ya daktari na dawa ya usingizi.

Kupe hachomwi na kiberiti wala hapakwi mafuta ya taa. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isichanganywe kwa kukisia ukammwagia mbwa. Nyingine ni sumu ya mishipa ya fahamu. Baada ya wiki moja au mbili, mbwa akinywea, fizi zikapauka na mkojo ukawa mweusi, mweleze daktari kwamba alikuwa na kupe. Aliyepita maeneo ya mbung'o, kama upande wa pori la akiba la Swaga Swaga, akianza kupata ukungu machoni na homa, taja mbung'o pia. Ndani ya pori lenyewe mbwa hasogezwi.

"Wangu hawezi kuning'ata"

Mwenye maumivu anang'ata yeyote. Kipande cha khanga kikizungushwa mdomoni, kikafungwa chini ya kidevu kisha nyuma ya masikio, kinatosha. Usimfunge anayetapika, anayehema kwa joto au anayepumua kwa shida. Khanga hiyo hiyo ikitandikwa ni machela, ikikunjwa ni bandeji, ndiyo maana mimi hubeba mbili.

Na sabuni ya mche isikosekane. Mbwa wako akipigana na mbwa usiyemjua au bweha, vaa glovu kabla ya kumgusa, mate yale yanaweza kuwa na kichaa. Wewe ukiwa umeng'atwa au una mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Mbwa achanjwe kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, nakala ya kadi yake iwe mkobani. Daktari ataiomba.

Kuhusu daktari mwenyewe: hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, zaidi ya kilomita 250 kutoka Dodoma mjini. Kwa hiyo kabla ya kwenda Kondoa, Mpwapwa au Chenene, tafuta namba ya afisa mifugo wa kata unayoiendea na ya daktari wa mjini. Muulize kila mmoja kama anatibu mbwa, maana wapo waliozoea ng'ombe na mbuzi tu, na kama anapokea simu Jumapili. Namba hizo ziandike kwa kalamu kwenye mfuniko wa mkoba. Simu huzima chaji, na mlimani mtandao unakuja na kupotea.